Bitana ya Joho

Katika mji huu ni saa tatu asubuhi. Jana ilikuwa saa tatu, na siku nilipoletwa hapa na mama, nikiwa nimeshika daftari la darasa la tano lenye kurasa nyingi ambazo hazijaandikwa, ilikuwa saa tatu vilevile. Wanasema hukumu ya kwanza ilisomwa saa tatu, na aliyeisoma, Jaji wa Kwanza, alipomaliza aliikataza saa ya ukutani isiendelee, kwa kuwa hakuona kitu kingine kilichobaki cha kuamua. Jua likatii. Limesimama juu ya paa la Nyumba ya Sheria, kushoto kidogo, na vivuli vyetu vimelala palepale vilipoangukia. Watu wanazaliwa, wanaota mvi na wanazikwa, yote saa tatu asubuhi. Umri wangu mwenyewe siujui vizuri. Nikiwa peke yangu na sindano nahisi nina miaka ishirini na mbili. Akiingia mtu mwenye sauti kubwa, ninakuwa na kumi na moja, na lile daftari linarudi mkononi.

Chumba changu kiko chini ya ngazi za Nyumba ya Sheria. Kina kigoda, dirisha dogo, futikamba na msumari mmoja ukutani. Kwenye msumari huo linaning'inia Joho.

Ni moja tu. Mawakili wana majoho yao ya kila siku, wanayanunua sokoni kama watu wengine wanavyonunua makoti, lakini hakuna anayeruhusiwa kununua la sokoni kabla ya kuvishwa hili. Hili ndilo alilolivaa Jaji wa Kwanza. Anayetaka kuwa wakili analivaa mbele ya watu, mara moja katika maisha yake. Anainua mikono yote miwili juu kabisa, kama anayepokea mzigo kutoka darini. Mpiga mbiu anaweka sikio lake mgongoni mwa mtu huyo na ukumbi wote unabana pumzi. Joho likilia, yaani ukipasuka mshono hata mmoja, limemkataa, na haruhusiwi kurudi tena. Likinyamaza, limempokea. Katika waliopokelewa ndimo wanamochaguliwa majaji, na katika majaji ndimo wanamochaguliwa wanaotawala, wanaoamua maji yapite wapi na nani ahame. Kwa hiyo nchi nzima inaning'inia kwenye msumari wangu.

Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu, kwa kichwa kisichomaliza shule, na kichwa cha namna hiyo hakina haraka, kwa sababu hakuna mtihani unaokingoja. Mtu akikukataa unaweza kumtazama usoni. Unaweza kumwuliza sababu, unaweza kumchukia, unaweza hata kumwonea huruma akizeeka. Lakini hapa hakuna aliyewahi kukataliwa na mtu. Wanatoka ukumbini wakiwa wameinamisha vichwa, na majaji wenyewe wanawashika mkono kwenye ngazi, wanawaambia pole, sisi tungependa, lakini umeliona mwenyewe, Joho limelia. Mtu anarudi kwao na hasira isiyo na pa kukaa. Anaiweka kwa mke wake, kwa watoto wake, mwisho anaiweka ndani yake mwenyewe. Nani anakataa mahali ambapo hakuna aliyekataa? Nililala na swali hilo kama wengine wanavyolala na jino bovu.

Na jibu nilikuwa nalo mkononi, limepitishwa uzi.

*

Kila mara kabla ya kuvishwa mtu, Mtunza Joho hushuka chumbani kwangu. Jina lake ni Bwana Mahimbo. Ni mtu msafi, kucha zake zinang'aa, na kazi yake ni kulinda heshima ya kile kilicho kwenye msumari. Akija mtoto wa jaji au wakili mwenzao, huniletea uzi wa rangi: mwekundu, kijani, zambarau, wowote isipokuwa mweusi. Huyu ana tumbo, ananiambia, legeza vidole vinne. Huyu mabega yake membamba, bana. Nami nafumua, nalegeza, nabana.

Mweusi ni mwiko. Joho ni jeusi, na mishono ya mkono wa Jaji wa Kwanza ilikuwa ya uzi mweusi, basi waliapa kwamba hakuna mkono mwingine utakaotia uzi mweusi humo, ili mishono yake isichanganywe na ya watu. Ndivyo wanavyomheshimu. Rangi zote nyingine zinafichwa na bitana, kitambaa cha hariri kinachofunika ndani. Ninainua bitana pembeni, ninaingiza mkono, ninashona kwa kupapasa, kisha ninaifunga tena. Hakuna aliyewahi kuiondoa yote.

Akija mtu wasiyemtaka, Bwana Mahimbo hashuki na rangi. Anaonyesha kwa kidole kopo la bati lililo dirishani. Ndani yake kuna uzi mweupe uliochomwa na jua la saa tatu miaka isiyohesabika. Ukiutazama ni uzi. Ukiuvuta unakatika kama unywele wa maiti. Ninafumua makwapa yote mawili, ninayashona upya kwa uzi huo.

Siku ninayoisimulia alisimama mlangoni, nami nikawa na miaka kumi na moja.

"Shikamoo, Bwana."

"Marahaba. Leo yuko mmoja wa bonde la chumvi. Anakuja kupimwa sasa hivi." Kidole kikaelekea dirishani. "Mtie wa kopo."

"Ndiyo, Bwana."

"Na usizungumze naye sana."

"Mimi sizungumzi, Bwana."

Akatabasamu. "Ndiyo maana tumekaa na wewe muda wote huu."

*

Sizungumzi.

Maneno yangu yanafika hadi kwenye meno, yanatazama nje, yanarudi.

Mara moja jaji mmoja aliingia chumbani akitafuta pa kutundika koti lake. Alinitazama, akalitundika kwangu. Nilikaa nalo begani hadi alipokuja kulichukua. Alisema asante, lakini alikuwa anauambia ukuta.

Mtu akikaa kimya vya kutosha, anageuka kuwa kifaa. Je, kifaa kina hatia? Msumari una hatia gani kwa kilichotundikwa juu yake? Nilikuwa napenda swali hilo. Lilinifaa. Kila nilipomaliza makwapa ya watu, nilijiambia mimi ni msumari.

*

"Hodi hapa."

"Karibu."

"Ndipo wanapopimia watu?"

"Ndipo, dada."

Aliinama kuupita mlango na akasimama katikati ya chumba. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, blauzi ya manjano, miguu imepauka hadi magotini kwa chumvi. Akanitazama, akautazama msumari, akanitazama tena.

"Nilitegemea babu mwenye miwani," alisema. "Kumbe ni wewe, mdogo wangu. Haya, pima. Naitwa Zamoyoni. Usiniambie ninuke vizuri, nimetembea siku tatu."

Nikachukua futikamba. Bega lake la kulia lilikuwa chini ya la kushoto kwa vidole vitatu. Nilipima mara mbili.

"Hujakosea," alisema bila kugeuka. "Hilo limebeba chumvi tangu nina miaka saba. Likitua mzigo linasahau kurudi juu."

"Sikusema kitu, dada."

"Mkono wako ndio umesema."

Akanieleza, bila kuulizwa, jinsi alivyosoma. Alikuwa akiuza chumvi chini ya dirisha la chuo cha sheria, na mwalimu wa pale ana sauti nzito inayofika barabarani. Wanafunzi wake walisinzia. Zamoyoni hakusinzia, kwa sababu muuza chumvi akisinzia anaibiwa. Alisikiliza miaka tisa. Kisha akaomba mtihani, wakampa wakicheka, akawa wa kwanza. Waliusahihisha mara tatu wakitafuta kosa.

"Sasa limebaki hilo koti lenu," alisema. "Kwetu wamekuja kumi na wanane. Wote limewalilia. Shangazi yangu Mwajabu alikuwa mmojawapo. Lilimpasukia kwapani mbele ya ukumbi mzima, na watu wakacheka kwa kuwa alikuwa amevaa kiraka ndani. Akarudi bondeni. Tangu siku hiyo hajainua mikono. Nguo zake tunamwanikia sisi. Anasema Joho lilijua kitu juu yake ambacho yeye mwenyewe hakijui."

Futikamba ilinianguka.

Nilimkumbuka. Mwanamke mrefu, mwanya wa meno mbele. Nilipomaliza kumpima alinipa bonge la chumvi, jeupe, kama mtu anavyompa mtoto peremende, akaniambia asante mwanangu, ushone vizuri. Bonge hilo lilikuwa bado kwenye mfuko wa gauni langu. Limekuwa dogo kwa sababu ninalilamba nikiwa na mawazo.

Maneno yalifika kwenye meno. Yakatazama nje. Sijui kwa nini safari hii hayakurudi.

"Ni mimi," nilisema.

"Ni wewe nini?"

"Niliyemshona. Kwa uzi wa kopo." Nikachukua kopo dirishani, nikatoa uzi, nikauvuta mbele yake kwa vidole viwili tu. Ulikatika bila sauti. "Joho halijui kitu, dada. Ni huu."

Zamoyoni aliokota kipande kilichoanguka. Akakivuta. Kikakatika. Akakivuta kilichobaki, kikakatika nacho, akaendelea hivyo hadi vidole vyake vikakosa cha kushika.

"Ulijua?"

"Mara ya kwanza sikujua. Mara ya pili nilijua."

"Na ukaendelea."

"Nikaendelea."

Alikaa kwenye kigoda changu. Hakunipiga. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa, na kupigwa kungekuwa kwepesi. Nje, watu walikuwa wameanza kupanda ngazi juu ya vichwa vyetu, viatu vizito vya wenye majoho ya sokoni, na vumbi lilishuka kwenye nywele zake.

"Leo naweza kukutia uzi imara," nilisema haraka. "Mwekundu. Hakuna atakayejua. Utainua mikono na litanyamaza."

"Na atakayekuja baada yangu utamtia upi?"

Nikalirudisha kopo dirishani.

"Tena mimi mwenyewe najijua," alisema. "Nikipita kwa uzi wako, mwaka wa kwanza nitakumbuka ni uzi. Mwaka wa pili nitasema nilijitahidi. Wa tatu nitakuwa nimekaa pale juu, ameletwa mtu wa bondeni, nami namshika mkono kwenye ngazi, namwambia pole, ungejitahidi kama mimi." Akasimama. "Unaitwa nani?"

"Mashavu."

"Mashavu, unatazama chini sana. Kuna nini huko sakafuni?"

"Uzi."

Nusura acheke. Alikuwa na hasira, na bado nusura acheke.

"Mimi nitainua mikono," alisema. "Hilo ndilo langu, na sitalipata tena. Sindano ni yako."

Akainama kuupita mlango, akapanda ngazi kwenda ukumbini.

*

Niliketi na Joho mapajani.

Naandika kama ilivyokuwa: niliogopa. Niliogopa kigoda changu, kwamba nikikikosa sina kingine. Mama alinitoa shule kwa sababu kuna nafasi moja tu katika nyumba kubwa, na nafasi haingoji mtoto amalize kujumlisha. Niliambiwa nina bahati. Mtu mwenye bahati hufunga mdomo asije akaimwaga.

Lakini nilikuwa nimeona vidole vyake vikivuta ule uzi. Kuna kitu mtu anakiona mara moja, na baada ya hapo msumari hauwezi tena kuwa msumari.

Nikachukua mkasi. Sikuinua bitana pembeni. Nilianza kwenye ukosi na kushuka, nikakata mshono baada ya mshono, mgongoni, mikononi, kwenye pindo, hadi hariri yote ikaanguka sakafuni kama ngozi aliyoiacha nyoka. Kisha nikaligeuza Joho na kulitundika kwenye msumari, ndani kukiwa nje.

Nilikuwa nimelishona miaka yote hiyo kwa kupapasa. Sikuwahi kuliona.

Lilikuwa na rangi kama kanga za harusi. Nyekundu juu ya kijani, kijani juu ya chungwa, zambarau imepita katikati, mishono imefumuliwa na kurudiwa, matumbo yaliyolegezwa, mabega yaliyobanwa, miguu mifupi iliyopandishiwa pindo. Hapakuwa na mtu ambaye liliwahi kumwenea lenyewe. Kila aliyepokelewa, Joho ndilo lililomwendea. Nikatafuta uzi mweusi, ule mtakatifu. Nilitafuta kwa macho na kwa kidole. Ulikuwa umebaki shubiri moja, kwenye ukosi, nyuma, mahali ambapo hapagusani na mwili wa yeyote.

Na makwapani, pande zote mbili, palikuwa na ncha nyeupe. Fupi, zimesimama, kama meno ya mtoto yaliyovunjika. Kila nilipofumua kilichopasuka nilikuwa navuta ninachokishika gizani, ncha nikaziacha. Kila mtu alikuwa ameacha yake. Nikazihesabu.

Nikafumua makwapa. Safari hii sikuyashona kwa chochote.

*

Desturi ni hii: fundi hulibeba Joho mikononi kama mtoto mchanga, hupanda hadi ngazi ya tatu ya ukumbi, huliweka juu ya kitambaa cheupe, kisha hurudi kinyumenyume bila kuwapa majaji mgongo. Nimefanya hivyo mara nyingi kiasi kwamba hakuna anayenitazama. Wanatazama Joho likija lenyewe hewani.

Siku hiyo nilipofika ngazi ya tatu sikuliweka. Nilishika mabega yake na kulikunjua.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Mbele walikaa mawakili, safu sita, juu yao majaji, na juu kabisa Jaji Mkubwa, ambaye uso wake unafanana na picha zote za ukutani kiasi kwamba hujui ni nani alichorwa. Nyuma, nyuma kabisa, wamesimama watu wa mji. Zamoyoni alikuwa peke yake katikati, na blauzi yake ya manjano.

Kwanza waliona rangi. Mtu mmoja alicheka, akidhani ni kitu cha sherehe.

"Umeligeuza, binti," Bwana Mahimbo alisema kwa upole wa mtu aliye mbele ya wageni. "Ligeuze."

"Nimeligeuza kwa makusudi, Bwana."

Na hapo, katikati ya ukumbi ule, nikawa na miaka kumi na moja. Miguu yangu ilifupika. Daftari likarudi mkononi, nikalifungua nikitafuta cha kusoma, na kurasa zilikuwa nyeupe, nyeupe, nyeupe, tangu siku ile. Wakaanza kunong'ona. Nikalifunga daftari. Nikasoma kilichoandikwa.

"Huu wa kijani," nilisema, na sauti ilikuwa ndogo, lakini ukumbi ule umejengwa kwa ajili ya sauti, ukaibeba. "Huu wa kijani ni wa wakili wa safu ya pili, mwenye pete. Ulikuwa na tumbo, kaka. Nililegeza vidole vinne. Uliniletea biskuti. Huu wa chungwa ni wa mpwa wa Bwana Mahimbo, nilipandisha pindo kwa sababu ni mfupi. Huu wa zambarau sikuushona mimi, aliushona aliyenitangulia. Mabega yalikuwa membamba, akayabana. Ni wako, Mheshimiwa Jaji Mkubwa."

Nyuma kabisa mtu alikohoa, na kikohozi kile kilikuwa kicheko.

"Binti huyu amesoma wapi?" Jaji Mkubwa aliuliza. Hakuniuliza mimi.

"Hakumaliza hata la tano, Mheshimiwa," Bwana Mahimbo alisema, na safu sita zikacheka.

"Ni kweli," nilisema. "Hesabu tuliishia kwenye kujumlisha. Hizi nyeupe ni uzi uliooza, tuliwatia wale ambao Joho lilitakiwa kuwalilia. Ni arobaini na moja. Kumi na wanane ni wa bonde la chumvi. Tisa ni waliokuja na magongo, kwa kuwa mlisema wakili husimama wima. Kumi na wanne ni wanawake, nao hawakuwa na kosa lingine. Kila mmoja nimemhesabu mara moja tu, ingawa wako waliostahili kuhesabiwa mara mbili. Mwajabu, wa bondeni, ndiyo hii hapa. Hakuna Joho lililojua kitu juu yao. Nilishona mimi. Niliagizwa, nikashona."

"Kazi yako imekwisha," Bwana Mahimbo alisema.

"Najua, Bwana. Lakini sindano nilikuja nayo."

Jaji Mkubwa aliinamia wenzake, wakanong'onezana, kisha akanyoosha mkono kama mtu anayefukuza nzi mmoja ili aendelee kula.

"Tumesikia. Kumetokea kasoro ndogo ya ushonaji. Huyu mama wa bondeni alikuwa wa kwanza katika mtihani, na Nyumba hii haina ubaguzi. Mtieni uzi mwekundu, tuendelee."

Watu wote wakamtazama Zamoyoni. Nilimtazama nami. Uzi mwekundu ulikuwa tayari umetolewa na mtu, unang'aa kwenye kiganja cha Bwana Mahimbo, na ulikuwa uzi mzuri, imara, wa kudumu miaka mingi.

"Siutaki," alisema Zamoyoni. "Nipe hivyohivyo, Mashavu."

Nikamvisha. Lilimkaa vibaya, kama lilivyomkaa kila mtu. Upande wa kulia uliteremka vidole vitatu. Rangi zote zilikuwa nje, na ncha nyeupe zilisimama chini ya mikono yake. Akaiinua mikono yote miwili. Wa kushoto ulifika juu, wa kulia ukafika pale unapofika. Makwapa yakafunguka, blauzi ya manjano ikaonekana pande zote mbili, na hapakuwa na kitu cha kupasuka.

Mpiga mbiu, Mzee Chambuso, ambaye ameweka sikio kwenye migongo ya watu tangu kabla yangu, alisogea. Akaweka sikio. Akafumba macho. Alikaa hapo muda ambao mtu angeweza kula chungwa zima.

"Sema limekataa," Bwana Mahimbo alimwambia kwa sauti ya chini.

"Halijalia, Bwana."

"Kwapa liko wazi, huoni?"

"Mimi nilipewa kazi ya sikio, Bwana. Ya macho hawakunipa." Mzee Chambuso akainuka, akaweka viganja pembeni ya mdomo, akatoa ile sauti yake ya siku zote inayotikisa vioo. "Joho limenyamaza. Joho limempokea."

Huko nyuma hawakushangilia. Walifanya jambo nililolipenda zaidi: walisogea mbele hatua moja, wote.

Jaji Mkubwa alisimama. Sijawahi kumwona akisimama. Alikuwa mfupi, na mabega yake, sasa kila mtu aliyatazama, yalikuwa membamba.

"Nakataa," alisema.

Neno hilo lilipotoka, mawakili wa safu ya mbele waligeuza nyuso zao juu kama waliosikia kitu kikivunjika jikoni. Kwa muda wote wa saa tatu asubuhi, neno hilo halikuwahi kusemwa na mdomo ndani ya ukumbi ule.

Zamoyoni alishusha mikono taratibu.

"Samahani, Mheshimiwa," alisema, kwa adabu kabisa, kama anayeuliza bei. "Sikusikia vizuri. Anayekataa ni nani?"

"Mimi." Uso wake ulikuwa umebadilika, haukufanana tena na picha yoyote. "Mimi ndiye ninayekataa."

"Asante." Akalivuta Joho likae begani, upande ule ulioteremka, akamgeukia karani mezani. "Nimepokelewa, kwa hiyo naanza kazi. Karani, fungua shauri. Wadai ni arobaini na mmoja, majina yao fundi atakutajia. Mdaiwa tumekuwa tukimtafuta muda mrefu, leo amejitaja mwenyewe. Andika alivyosema. Andika jina lake, tarehe na saa."

Karani alichovya kalamu. Aliandika neno moja moja. Alipofika kwenye saa hakuhitaji kutazama, hakuna aliyewahi kuhitaji, lakini kwa mazoea ya kazi aliinua macho ukutani. Akayashusha. Akayainua tena.

Kivuli cha mguu wangu kilikuwa kimesogea kidogo sakafuni.

"Saa ngapi?" Zamoyoni aliuliza.

"Saa tatu," alisema karani. "Saa tatu na dakika moja."